Mke Mwenza Anauliza Tarehe

Kompyuta iliyolala miaka mingi siiwashi hivi hivi. Huipitisha kwanza kwenye taa. Ni balbu ya kawaida tu, zile za zamani zenye waya ndani, nimeifunga kati ya soketi na mashine ili umeme upite kwake kabla ya kufika ndani. Balbu ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, kuna shoti, chomoa upesi. Ikimulika mara moja halafu ikafifia, mashine ni nzima, vaa miwani uanze kazi. Kuna watu huichomeka mashine ya zamani moja kwa moja ukutani, eti "tuone kama inawaka." Watu hao mimi siwezi kukaa nao chumba kimoja. Watauona moshi, basi.

Mashine hizo za zamani nilikuwa nazo nyumba nzima. Sebuleni, chini ya kitanda, juu ya kabati la vyombo, na moja bafuni kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Nimekuwa fundi wa mashine za ofisi tangu enzi za taipureta, na ofisi zilipoanza kutupa kompyuta zao za kwanza, mimi nilisimama mlango wa nyuma nikizipokea. Wenzangu wakaniita Fundi Vumbi. Sikatai. Ukifungua kompyuta iliyokaa stoo miaka kumi, unatoka kama umelala kwenye gunia la unga. Lakini ukishaisafisha, ukabadilisha kapasita zilizovimba, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, ukauunga waya uliokatika, halafu ule mlio mmoja mfupi ukasikika, pii!, kwamba niko hai, bwana wee, sijui nikwambie nini.

Ya kwanza kabisa kuingia nyumbani ilikuwa sanduku kubwa la rangi ya uji, lenye midomo miwili ya disketi na skrini ya maandishi ya kijani. Niliibeba begani, nikaitua juu ya meza ya chakula. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akaitazama, akanitazama.

"Kwa hiyo umeniletea mke mwenza," akasema. "Angalau angekuja na vyombo vyake."

Jina likaganda hapo hapo. Nikichelewa kula, nasikia, "Mwache mwenzangu naye apumue." Nikimfuta kibodi kwa spiriti, "Mimi miaka yote hii hujanifuta hata jasho." Wageni walidhani wanasikia ugomvi wa kweli. Wakati mwingine ulikuwa wa kweli, maana meza ilikuwa moja na sisi tulikula tukiwa tumepakata sahani, kwa sababu yake yeye.

Sasa, huyu Mke Mwenza ana tabia moja. Hana saa ndani. Kompyuta za baadaye zina betri ndogo inayozikumbusha siku, yeye hana. Ukimzima, anasahau kila kitu. Ukimwasha, jambo la kwanza kabla hajakupa nafasi ya kufanya lolote, anauliza leo ni tarehe ngapi. Halafu anauliza ni saa ngapi. Anakaa anasubiri, kijiti chake cha kijani kinapepesa, na chochote utakachomwambia anakiamini. Mwambie ni mwaka ambao hata wewe hujazaliwa, atasema haya.

Nami kichwa changu hakishiki tarehe, hakijawahi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nawasha, halafu napaza sauti: "Leo tarehe ngapi?"

Na kutoka jikoni: "Mwambie mwenzangu leo ni tarehe saba, Jumatano, na mwambie mumewe hajaleta mkaa."

Ndivyo tulivyoishi. Yeye alikuwa kalenda ya nyumba, mimi nilikuwa vidole. Nikiandika alichonitajia, Mke Mwenza akikubali, siku imeanza.

Mara ya mwisho alinijibu ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne, mnamo saa nne asubuhi. Alisema, "Kumi na nne, na usiniulize tena, nina vitunguu machoni." Jioni akasema kifua kinambana. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akaniambia nisifanye makuu, nimletee maji tu. Tulipofika hospitali alikuwa ameshika kidole changu kimoja, na kabla hakujacha alikiachia.

Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, nyumba ikabaki na mimi. Asubuhi moja nikaketi mezani nikawasha. Mke Mwenza akauliza leo tarehe ngapi. Nami nikapaza sauti kama kawaida.

Jikoni kimya.

Nilisubiri, nakwambia kweli. Nilisubiri mpaka shingo ikaniuma kwa kugeukia mlango ule. Halafu nikaandika jibu la mwisho nililopewa. Kumi na nne, na mwaka ule, saa nne asubuhi. Akakubali. Nikafanya kazi zangu, na pembeni ya akili yangu mtu alikuwa jikoni anakata vitunguu.

Tangu hapo sikumpa tarehe nyingine. Kila siku ilikuwa Jumanne ile, na kila siku nilimzima kabla saa yake haijafika jioni. Sikumwacha hata mara moja afike jioni. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Simu yangu ilikuwa inalia akinipigia binti yangu, au ikileta ujumbe wa kampuni ya simu kunipongeza kwa kitu ambacho sikukiomba. Kuna wiki ilipita nzima sijasikia sauti yangu mwenyewe, mpaka nilipopiga chafya nikashtuka nani yumo ndani. Upweke ni kitu cha kipuuzi sana. Hauna hata heshima ya kuuma mahali pamoja ukapajua upapake dawa.

Kilichoniponza ni goti. Binti yangu alikuja akanipeleka kwa daktari, na daktari, kijana mwenye adabu zake, alimaliza goti akaanza maswali mengine. Unalala vizuri, mzee? Unakula? Halafu, huku anaandika, hata hakuniangalia: "Na leo ni tarehe ngapi, mzee?"

Mdomo ukajibu wenyewe. "Kumi na nne," nikasema, na mwezi, na mwaka. Wote. Mwaka ule.

Kalamu ikasimama. Daktari akamtazama binti yangu, binti yangu akatazama sakafu. Nikajirekebisha haraka, nikasema si hivyo, nilikuwa nawaza kingine. "Basi ni ngapi?" akauliza taratibu. Ebo! Nimeshasema kichwa changu hakishiki tarehe. Nikataja nyingine, nayo si yenyewe. Nikafoka. Nikamwambia goti halina kalenda. Na kadiri nilivyofoka ndivyo nilivyozidi kuonekana kwamba akili imeshafunga virago.

Ningewaeleza nini? Kwamba kila asubuhi naidanganya kompyuta? Wangenifunga kamba.

Nje ya kliniki binti yangu alinishika mkono kama anamvusha mtu barabara. "Baba, huwezi kukaa peke yako tena," akasema. "Utakuja kwangu."

"Kwako kuna chumba hakina dirisha."

"Kina dirisha, baba."

"Na mashine zangu?"

Kwake ni nyumba ndogo, mume, watoto, na kile chumba kinaingia kitanda na mtu mwembamba. Mashine hazikuwa na pa kukaa, nilijua, na yeye alijua najua. Tukabishana mwezi mzima kwa simu. Mimi nasema sitoki, yeye anasema, "Baba, leo ni siku gani?" nami nakata simu kwa hasira, na yeye anahesabu kwamba nimeshindwa jibu. Nyumba yangu, akili yangu na mashine zangu, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye swali moja ambalo hata mtoto wa chekechea analijibu.

Mwishowe akaniletea Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo anayefundisha kompyuta chuoni, na chuo kilikuwa kimempa ukumbi wa kuonyesha mashine za zamani. Nilijiandaa kumchukia. Akaingia, akavua viatu, akaiona ile ya bafuni akapiga magoti sakafuni. "Mzee wangu, wewe upo?" akaiambia. "Nilijifunzia kwako." Basi nikakosa pa kuanzia kumchukia, nikakubali azichukue mashine nami nihamie kwa binti yangu.

Siku ya kuzichukua alikuja na pikapu, anaendesha mwenyewe. Binti yangu alikuwa amefika tangu mapema, anafunga nguo zangu kwenye mabegi. Mimi na Mwalimu tuliziwasha moja moja kwa taa. Nimejiwekea desturi kwamba mashine haitoki mikononi mwangu bila anayeipokea kuiona inawaka, asije akasema nilimpa maiti. Balbu inamulika, inafifia, pii!, Mwalimu anapiga kofi moja dogo, tunazima, tunaibeba pamoja mpaka nje. Kila nikirudi ndani nakuta mraba mweupe ukutani au sakafuni, pale ambapo vumbi halikufika. Hatua zangu zilianza kuwa na mwangwi. Sikujua kwamba nyumba ile ina mwangwi.

Akabaki Mke Mwenza mezani. Mwalimu alikuwa nje anafunga mzigo kamba.

"Na huyu?" binti yangu akauliza.

"Huyu anakuja na mimi."

"Baba, chumba hakitoshi."

"Basi yeye atalala kitandani, mimi nitalala chini."

"Hivi hata anafanya kazi?"

Ala! Mtu amekulia kwenye meza hii, ameandika kazi zake za shule kwa vidole viwili kwenye kibodi hii, leo ananiuliza kama anafanya kazi? Nikavuta kiti, nikaingiza disketi, nikabonyeza swichi. Feni ikaanza kuvuma, mdomo wa disketi ukakoroma kr-kr-kr, maandishi ya kijani yakapanda. Na swali likaja kama kawaida yake.

Vidole havikunisubiri. Kumi na nne. Mwezi. Mwaka.

"Baba."

Aliisema kwa sauti ya kumwambia mtoto mwenye homa. Nikageuka. Alikuwa nyuma ya bega langu, ameyaona yote, macho yameshajaa maji. "Baba, leo siyo tarehe hiyo," akasema polepole, kana kwamba akiharakisha nitavunjika. Halafu nikamwona anaisoma tena. Midomo yake ikasogea. Aliitambua.

"Hiyo ni siku ya mama."

Hapo nikachoka. Kubishana kukaniishia mwilini kama mafuta ya taa kwenye chemli. Nikamwambia yote. Nikamwambia jinsi nilivyokuwa nauliza na mama yake akijibu kutoka jikoni, jibu la mwisho, vitunguu, na jinsi nisivyomwacha Mke Mwenza afike jioni. "Najua mama yako hayupo," nikasema. "Najua vizuri kuliko ninyi nyote, maana mnaondoka na mimi nabaki. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kunijibu lile swali. Nilirudia jibu nililokuwa nalo."

"Kwa hiyo kwa daktari..."

"Kwa daktari nilimjibu Mke Mwenza."

Akacheka. Kicheko kikamtoka pamoja na kamasi, akajifuta kwa kanga aliyokuwa anaikunja. "Kwa hiyo hujachanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa sana. Ila si hivyo mnavyodhani."

Akakaa kwenye ukingo wa meza, akamaliza kuikunja ile kanga. Halafu akasema, "Basi baki, baba. Kama ni hivyo, sina sababu ya kukuhamisha. Mwalimu tutamwomba radhi, tuzishushe."

Hayo ndiyo maneno niliyoyapigania mwezi mzima. Nyumba yangu, meza yangu, Jumanne yangu. Nilifungua mdomo niseme asante.

"Lakini nipishe kwanza," akasema. "Nami nijaribu."

Nikampisha. Akamzima, akamwasha. Kr-kr-kr. Swali likaja. Akaandika kumi na nne, mwezi, mwaka, kwa vile vidole viwili vya utotoni. Mke Mwenza akauliza saa. Mimi huandika nne asubuhi. Yeye akaandika kumi jioni.

"Kwa nini kumi?" nikauliza.

"Ndiyo saa aliyonipigia," akasema bila kugeuka. "Nilikuwa kazini, kwenye mkutano. Niliona jina lake nikasema nitampigia baadaye."

Sikuwahi kuambiwa hilo. Miaka yote hiyo, msibani na baada ya msiba, hakuna aliyenitajia simu hiyo.

Akatoa simu yake mfukoni. Akaiweka mezani kando ya kibodi, uso wake juu, tarehe ya leo ikiwaka pale. Akakunja mikono. Kijiti cha kijani kikawa kinapepesa, na binti yangu akaitazama ile simu.

Mungu wangu, alikuwa anasubiri ilie. Mtu mzima, mama wa watoto, mwenye akili zake zote, ameketi mbele ya sanduku la rangi ya uji, shingo imenyooka vile vile ninavyonyoosha yangu kuelekea jikoni. Mabega yamepanda vile vile. Sijawahi kujiona kwa nyuma, na siku hiyo ndiyo nilijiona. Nikaona jinsi ninavyokuwa kila asubuhi. Nikaona pia kwamba mle ndani ya Jumanne mna nafasi, angeweza kuingia akakaa, na angekaa miaka. Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Nikainama chini ya meza nikachomoa plagi.

Disketi ilikuwa bado ndani, inazunguka. Hilo ni kosa ambalo ningemfokea fundi yeyote mpaka ajute kuzaliwa. Skrini ikabana ikawa kitone kimoja cha kijani katikati, kitone kikaondoka.

"Baba!"

"Inuka," nikasema. "Inuka mwanangu, nipe hicho kiti. Mama yako asingependa. Alikupigia kukuuliza kama umekula, alikuwa anakupigia hivyo kila siku, wewe unajua. Hakuna lingine alilotaka kusema."

Akalia basi, kilio cha kweli, kile ambacho msibani alikizuia kwa kupokea wageni. Nikamshika kichwa. Hatukuwahi kulia pamoja. Kila mmoja alikuwa amelia kwake.

Alipotulia nikamwuliza, "Hicho chumba chako kweli kina dirisha?"

"Kina dirisha, baba. Nimekwambia mara ngapi?"

Mwalimu akaingia anapangusa mikono, akatuona, akataka kurudi nje. Nikamwita. "Njoo umchukue na huyu," nikasema. "Na disketi zake zimo kwenye kopo lile. Mdomo wa kulia unakwama, usiusukume kwa nguvu, uinue kidogo ndipo ubonyeze."

Hakuuliza nimebadilishaje mawazo. Akanitazama tu kuhakikisha, nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Fundi, si desturi yako mashine iondoke bila kuwashwa?"

Kweli. Nikachomeka tena plagi, safari hii kupitia kwenye taa, kwa kuwa nilikuwa nimemkatia umeme vibaya na sikuwa na uhakika kama nimemuua. Balbu ikamulika, ikafifia. Mzima. Tukamwangalia sote watatu anakoroma, anapandisha maandishi yake, anatua kwenye swali. Sikugusa kibodi. Nikamzima kwa swichi, kwa heshima zake.

Tulimbeba mimi na Mwalimu, binti yangu ameshika skrini. Mezani ukabaki mraba mkubwa safi, ubao bado una rangi yake ya dukani, na kwa mara ya kwanza tangu nimlete Mke Mwenza ningeweza kuweka sahani pale. Mwalimu akamfunika kwa blanketi, akakaza kamba, akapanda. Akawasha gari, halafu akateremsha kioo.

"Fundi," akasema, kwa upole, maana alikuwa ameona zaidi ya alivyosema. "Kesho nitamwasha ukumbini. Akiniuliza tarehe, nimwambie nini?"

Nilimtazama binti yangu, aliyesimama na mabegi yangu mawili. Yeye naye alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.

"Mwambie ya kesho," nikasema. Nikamtajia: siku, tarehe, mwezi na mwaka. Sikukosea hata moja.